Alfayo Ombati, Aliyekataa Kumshindanisha Farasi Mgonjwa

Marehemu Alfayo Ombati alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 huko Molo, kifungua mimba wa Mzee Ombati, mtunza farasi wa mlowezi mmoja, na Mama Kwamboka. Alisoma Molo hadi darasa la nane, ingawa mara nyingi walimu walimtafuta darasani, kumbe yuko bandani.

Mwaka 1967 alimfuata mdogo wake Edah, aliyekuwa akisomea uuguzi Birmingham. Alisafisha mabanda ya wengine mpaka 1973, alipopewa leseni ya ukufunzi wa farasi wa mashindano, akakodi mabanda yake ng'ambo ya Shard End, pembezoni mwa Birmingham. Wenzake waliwashindanisha farasi wa miaka miwili, yeye alikataa. "Mifupa ikomae kwanza," alisema. Aliwapandisha vilima polepole, wala kiboko hakikuingia bandani mwake. Walimcheka, mpaka farasi wake walipoanza kushinda.

Alimwoa Moraa tarehe 8 Agosti 1970, kanisani Moseley. Alichelewa kwa sababu farasi alikuwa akiumwa tumbo, akaingia na majani makavu nyweleni. Mchungaji alisita. Moraa akamwambia, "Endelea tu, ndiye huyu huyu." Walijaliwa binti, Charity.

Mwaka 1976 rafiki yake Sukhdev, mjenzi wa Balsall Heath aliyekulia Nakuru, alimkabidhi farasi jike, Zabibu. Siku chache kabla ya mashindano, Alfayo alimpapasa mguu.

"Hakimbii, Sukhdev. Mguu una moto."

"Nimealika watu, bwana! Nitawaambia nini?"

"Waambie wangoje apone."

Sukhdev alimhamishia Zabibu kwa mkufunzi mwingine. Mguu ule ule ulivunjika mbele ya wageni, naye Zabibu akapigwa risasi palepale uwanjani ili asiteseke. Watu waliponong'ona kwamba Alfayo ndiye aliyemharibu, Sukhdev alinyamaza. Wenye farasi wakawaondoa bandani mwake mmoja mmoja. Alfayo akarudi kusafisha mabanda ya watu.

Mwanzoni mwa 1978 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Sukhdev alifika hospitalini, akalia, akaomba radhi.

"Uwaambie uliowaalika," Alfayo alimjibu, akageukia ukutani.

Alifariki tarehe 3 Novemba mwaka huo huo. Mpaka asubuhi ya leo, tunapomzika, Sukhdev hajamwambia mtu ukweli. Ndiyo maana tumeyasema sisi jamaa zake, mbele yake na mbele yenu nyote.

Ameacha mjane, Moraa, binti, Charity, na dada, Edah.

Alfayo, hukumharibu yule farasi. Mungu akupe amani tuliyoshindwa kukupa, upumzike.