Mkaguzi Eufrazia Ndizeye Anakabidhi Kalamu ya Kibali

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mkaguzi Mkuu wa Usalama wa reli yetu, Bi. Eufrazia Ndizeye, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Jarida limeniomba niandike wasifu wake kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa roho haijatulia, kwa sababu kiti chake nimepewa mimi.

Alizaliwa Mugoma, wilayani Ngara, kwa wakulima wa migomba na maharage. Alianza kazi kama fundi wa kuchomelea katika karakana ya mabehewa, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na tisa. Mpaka leo haamini mshono wa chuma kwa kuutazama tu, lazima aupapase. Mafundi wetu humwita Daktari, maana kila behewa linalopita mikononi mwake hukutwa na ugonjwa.

Mabehewa yetu ya abiria, yaendayo Mugoma hadi Kaniha kupitia Nyamahanga, ni mepesi. Wengi hawajui kwamba hayafikii kiwango cha uimara kinachotakiwa. Yakigongana na treni ya kokoto, yatabonyea kama kopo. Ndiyo maana yanatembea kwa kibali maalumu chenye sharti moja kubwa: abiria na kokoto wasiwe njiani wakati mmoja. Mpaka saa mbili na nusu asubuhi njia ni ya abiria. Kuanzia saa tatu ni ya kokoto. Nusu saa ya katikati, njia hukaa tupu. Sharti hilo aliliandika Bi. Eufrazia, akabishana kwa miezi saba na wakubwa waliokuwa na haraka zao.

Aliweka pia utaratibu wake mwenyewe: mkaguzi anayesaini safari hukaa benchi la mbele kabisa, behewa la kwanza. Wapo waliogundua ghafla kwamba wana maumivu ya mgongo.

Mwezi Machi mwaka jana nilisaini mimi. Nimekulia Kaniha, na Mugoma nilikuwa na siku mbili tu. Sikujua kwamba kule mpakani simu ikidaka mnara wa Burundi hujirudisha nyuma saa nzima, kwa kuwa saa za wenzetu ziko nyuma ya zetu. Wenyeji wanalijua hilo tangu utotoni. Mimi niliona kumekucha mapema kuliko kawaida, nikashukuru Mungu. Dereva Modestus aliniuliza kama hatujachelewa, nikamwonyesha simu. Nikaandika saa ya kuondoka, kumi na mbili kamili kama ratiba, na kusaini. Kumbe ilikuwa saa moja. Abiria mia moja na kumi na wawili hawakulalamika, kwani nani hushangaa treni ikichelewa?

Tulipokaribia Nyamahanga simu ikadaka mnara wa kwetu na kuruka saa nzima mbele. Saa tatu kasoro dakika nane. Machimbo ya kokoto yako mbele ya Nyamahanga, na dereva wa kokoto haulizi mtu. Saa tatu ikifika, njia ni yake. Nilitaka kukimbilia kwa Modestus, lakini sikuinuka. Pembeni yangu mama mmoja alikuwa akimmenyea mwanawe ndizi, na mimi nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono miwili.

Bi. Eufrazia alikuwa stesheni ya Nyamahanga akitungoja. Alikuwa ameita machimbo kwa redio asijibiwe. Tulimkuta amesimama katikati ya reli na bendera nyekundu. Alituingiza njia ya pembeni na kuwashusha abiria wote. Nikamwamkia shikamoo. Aliuliza swali moja tu: "Mhoja, hawa watu umewaandikia saa ya wapi?" Kabla sijajibu, treni ya kokoto ikapita kwa kasi yake yote, na ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyetu.

Katika ripoti hakunificha, wala hakunitupa. Aliandika kosa langu, kisha akaandika la kwake: kunituma mpakani bila kunifundisha. Sharti la tisa la kibali, linalokataza kusaini kwa saa ya simu, limetokana na asubuhi ile. Namshukuru, nami bado husikia mtikisiko ule.

Sasa kuna faili jipya. Linaomba ile nusu saa ya njia tupu ipunguzwe iwe dakika kumi. Wakubwa walilisogezasogeza mpaka tarehe yake ikaangukia Julai, baada ya yeye kuondoka. Ninapoanza kuandika wasifu huu, limelala mezani kwangu. Nikilikataa nitaitwa ofisini, na mimi si Eufrazia. Naogopa, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wafanyakazi wote.

Mama Eufrazia, asante kwa kila behewa ulilolizuia tukakununia. Umetuambia unarudi Mugoma, na kila siku ya gulio utapanda treni na wajukuu wako kuuza maharage Kaniha. Pumzika kwa afya na amani, na shamba likujibu vizuri. Faili nimelirudisha leo asubuhi. Nimeandika "Hapana", kwa sababu kuanzia Julai wewe ni abiria wangu.

Mhoja Mayunga
Mkaguzi wa Usalama