Oili Imemwagwa

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, poleni na safari. Huyo mnayemsikia kule nyuma anapigapiga benchi kwa visigino ni wa kwangu. Mwacheni apige. Kuna wakati nilidhani visigino vyake havitagusa kitu.

Mwenyekiti ameniomba nisimulie shida iliyonipata na nilivyotoka, na akaniomba nizungumze kwa upole, maana leo kuna wazazi wapya. Nikamwambia nitajaribu. Majina siyataji. Wengine ni ndugu wa mume wangu, na bado tunachota maji kisima kimoja.

Mimi natoka Handeni, ndani huko, mbali na lami, upande wa Misima. Mwanangu alizaliwa na nyayo za kifundo, miguu yote miwili, nyayo zinatazamana kama zina siri. Wote mlio hapa mmeyaona hayo kwa watoto wenu, siendelei. Tukaletwa huku Korogwe, tukaambiwa inatibika: mtoto anafungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, wiki inayofuata linafunguliwa, mguu unanyooshwa kidogo, anafungwa jingine. Wazazi wapya, sikilizeni hapa. Ni kila wiki. Ukiruka, mguu unarudi ulikotoka, na hauagi.

Mimi niliruka. Mvua ikinyesha kwetu gari la kijijini halitoki, dereva anakwambia barabara imekuwa bwawa, na ni kweli. Nikakosa wiki moja. Nikaenda, halafu nikakosa nyingine. Nilipofika tena, muuguzi alishika mguu wa kushoto, akaugeuzageuza, ndipo akasema, "Mama, huu ukikosa tena tunaanza mwanzo." Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningemjibu.

Mume wangu anafanya kazi kwenye mkonge, upande wa Mazinde. Anakuja mwisho wa mwezi. Pikipiki yake aliiacha nyumbani, ndogo, ya Kichina, mtu mnene akiikalia inaguna. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ndiye aliyekuwa akiitumia kubeba abiria. Nikampigia mume wangu simu nikamwambia wiki hii nakwenda kliniki na pikipiki.

"Nani atakupeleka?"

"Najipeleka."

"Mpaka Korogwe?"

"Kwani Korogwe wamehama?"

Kuendesha ninajua. Nimebeba magunia ya mahindi kutoka shambani na pikipiki hiyohiyo, kwenye njia ya mawe. Leseni pia ninayo, baba zangu pale msinitazame hivyo. Ila sikuwahi kuipeleka mbali kuliko Misima. Mdogo wangu wa kike akakubali kukaa nyuma na mtoto kwenye mbeleko.

Shemeji hakupenda. Akaniambia, "Shem, hii ni pikipiki ya kupeleka watu mnadani. Safari ndefu inataka maandalizi."

"Basi tuiandae."

"Tuiandae mimi na nani?"

"Mimi na wewe. Unaogopa nitajua?"

Akacheka. Nami nikaiandaa kweli. Nilifua cheni kwa mafuta ya taa mpaka ikaonyesha rangi yake, nikaipaka grisi, nikaikaza. Waya wa klachi ulikuwa umebaki nyuzi, nikaweka mpya. Plagi mpya. Breki ya nyuma ilikuwa inakaba ikijisikia, nikairekebisha. Matairi nikajaza upepo. Nyuma ya siti nikafunga tyubu ya akiba, pampu, spana, na mfuko mkubwa wa nailoni wa kufunika miguu ya mtoto, kwa sababu hogo likinyeshewa linageuka uji.

Kila kitu kwenye ile pikipiki nilikigusa, isipokuwa kimoja. Boliti ya chini ya injini, ile ya kutolea oili, kichwa chake kilikuwa kimeliwa, spana inateleza tu. Shemeji akasema, "Hiyo niachie, ina ujanja wake." Nikampa chupa ya oili mpya, nikaenda jikoni.

Jioni nikamkuta uani anajiandaa kutoka. Nikamwuliza, "Shemeji, oili vipi?"

"Nimeshamwaga, shem. Ondoa wasiwasi."

Ndugu zangu, nawaambia, nililala vizuri. Nanyi mngelala. Mnajua watu wanavyosema. Mtu akikwambia amemwaga oili, maana yake ametoa ya zamani akaweka mpya. Fundi anasema hivyo, dereva wa lori anasema hivyo, hata mimi nasema hivyo. Hakuna anayeongeza "na nikaweka", kama vile hakuna anayekwambia amenyoa na kichwa kikabaki.

Tulitoka kungali baridi. Tulipofika kwenye lami nilisikia raha, nisiwafiche. Mdogo wangu nyuma anaimba, mtoto amelala, pikipiki inakwenda kama imekunywa uji. Pale Misima mwanaume mmoja amekaa kwenye kahawa akapaza sauti, "Mama, baba watoto yuko wapi?"

Mdogo wangu akamjibu, "Anafua."

Tulicheka njiani mpaka nikamwambia anyamaze, nitaangusha watu.

Kabla ya Sindeni sauti ya injini ikabadilika. Ikawa kama mtu anasaga mahindi yenye mchanga. Nikasikia joto linanipanda kwenye muundi. Nikapunguza mwendo, nikidhani ni cheni. Halafu gurudumu la nyuma likakamata ghafla, likaburuzwa, tukayumba kulia, tukayumba kushoto. Nikabana klachi. Hatukuanguka. Namshukuru Mungu, halafu naushukuru ule waya mpya wa klachi.

Nikakanyaga kiki, haishuki. Ngumu kama umekanyaga jiwe. Ubavuni mwa injini kuna kifuniko cha oili chenye kijiti cha kupimia. Nikakifungua. Kijiti kikatoka kikavu, kinanuka kuungua.

Mdogo wangu akaniuliza, "Si alisema amemwaga?"

Nikamwambia, "Alimwaga."

Tukakaa kando ya barabara. Magari yalipita, yamejaa. Jingine lilipunguza, dereva akaona wanawake wawili, mtoto na pikipiki, akaongeza mwendo. Shemeji simu yake haipatikani. Upande wa milimani wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Nilikaa kwenye majani nikamwona mwanangu ameshakuwa mtu mzima, anakanyagia ubavu wa mguu, watu wanamwita kwa jina la mguu wake badala ya jina nililompa. Sikulia. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha injini, ila injini ilikuwa imekufa.

Mbele kidogo palikuwa na mama mmoja wa Kimasai, mtu mzima, amesimama na madumu yake ya maziwa anasubiri pikapu ya kuyapeleka Korogwe. Akaja taratibu.

"Shikamoo, mama," nikamwambia.

"Marahaba. Mtoto amevunjika?"

"Hapana, mama. Alizaliwa miguu imepinda. Leo ni siku yake ya kubadilishiwa hogo."

Akalipapasa lile hogo kwa kiganja, akaligonga kwa kucha kama anapima tikiti. "Miguu ilikuwa inaangalia wapi?"

"Ilikuwa inaangaliana."

"Na sasa?"

"Mmoja umeanza kuangalia mbele. Huu wa kushoto unafikiria."

Akacheka kidogo. Manyunyu yakaanza. Akavua shuka aliyojifunga juu, akaiweka juu ya ule mfuko wa nailoni, akasimama mwenyewe kwenye mvua.

Pikapu ilipofika ilikuwa imejaa madumu, na mbele wamekaa watu. Dereva akasema nafasi ni ya maziwa ya yule mama tu. Mama akamwambia, "Yangu usipakie. Pakia hawa."

"Mama, maziwa haya yakibaki hapa mpaka kesho yanaganda."

"Yakiganda tutakunywa. Mguu ukiganda umepinda, utaunywa wewe?"

Dereva akashuka kutufungulia nyuma. Tukapanda kule nyuma katikati ya madumu ya watu, mahali pa madumu yake. Nikamwuliza yule mama pikipiki nifanyeje. Akasema, "Iache. Haina miguu ya kwenda."

Kliniki tulifika wanafuta meza. Muuguzi akaniangalia, nimelowa, nina oili ya cheni mpaka shingoni. Akasema, "Umechelewa."

Nikamwambia, "Nimefika."

Akavaa glavu upya. Akafungua hogo la kushoto, akaushika ule mguu, akaugeuza, nami natazama uso wake, siutazami mguu. Akasema, "Tunaendelea, mama. Haturudi mwanzo." Hapo ndipo nilipolia. Mtoto akanishangaa.

Niliporudi nyumbani nilikuta ile chupa ya oili dirishani, nyuma ya ndoo. Kizibo chake hakijavunjwa.

Mume wangu alipokuja, kikao kikakaa. Shemeji akaeleza kwamba alikuwa amemwaga oili, mara abiria akamwita, akaenda naye na pikipiki ya rafiki yake, aliporudi akasahau. Hayo ningeyameza. Mtu anasahau. Lakini akaongeza, na hapa naomba mwenyekiti anivumilie, akasema, "Aliniuliza oili, nikamwambia nimemwaga. Si nilimwaga? Mimi sikusema nimeweka."

Mzee mmoja pale akaniuliza, "Mwanamke umesoma mpaka kidato cha nne, Kiswahili kinakushinda?"

Wanaume wakacheka. Mume wangu akatazama chini, naye akacheka. Kidogo tu. Wenzangu, kicheko kile kidogo kinaniuma mpaka leo kuliko injini. Injini ina fundi.

Nikaingia ndani, nikatoka na ile chupa, nikaiweka katikati ya mkeka. Wakaitazama. Mzee akasema kikao kimekwisha, kana kwamba chupa ndiyo iliyokuwa na hoja ya mwisho.

Pikipiki nilikwenda kuichukua kwa yule mama. Niliikuta imefunikwa kwa turubai, imezungushiwa miiba kama ndama. Mbuzi wangu waliuzwa, injini ikafunguliwa. Na ile boliti iliyoliwa kichwa niliitoa mwenyewe, kwa patasi na nyundo, mchana kutwa, mkono umechubuka, nikaweka mpya. Tangu siku ile pikipiki inalala ndani kwangu. Mume wangu akasema nimemnyang'anya mdogo wake riziki. Nikamwambia akishapona mtoto tutazungumza. Hatujazungumza vizuri mpaka leo. Tunaishi.

Ila kliniki sikukosa tena. Mvua, jua, tope, nilifika. Yakaisha mahogo, akavaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma katikati, sasa anavivaa usiku. Mguu wa kulia umenyooka. Wa kushoto, nisiwadanganye, bado unanitisha. Akichoka unaingia ndani kidogo, na mimi huwa namtazama akitembea jioni kabla sijatazama sufuria.

Wazazi wapya, ninalowaachia ni hili. Mtaambiwa maneno mengi yenye sauti nzuri. Gari litakuwepo. Dawa imeagizwa. Nitakuja kukuchukua. Oili nimemwaga. Msibishane na neno, wala msililalie. Chomoeni kijiti mkitazame. Kama boliti imekaza, ng'ang'aneni nayo nyinyi wenyewe mpaka ilegee, hata watu wakicheka.

Mwenyekiti alitaka nimalizie kwa kusema nimesamehe. Shemeji namsalimia, chakula nampakulia. Zaidi ya hapo siwezi kusimama mbele ya watoto niseme uongo.

Namshukuru mdogo wangu aliyekaa nyuma na hakuruka. Namshukuru muuguzi aliyevaa glavu mara ya pili. Nawashukuru nyinyi, kwa sababu hapa ndipo pa kwanza niliposimulia habari hii na hakuna aliyecheka pale wanapochekaga wengine.

Naomba niwahi kutoka, wingu limeanza. Oili niliweka jana kwa mikono yangu, na asubuhi nimechomoa kijiti. Njiani nitasimama kwa yule mama wa maziwa. Kila nikipita huniuliza miguu inaangalia wapi. Leo sitamjibu mimi. Nitamshusha mtoto barabarani, amfuate mwenyewe.