Gitaa la Besi Silikabidhi

Mheshimiwa Mchungaji Wangila, baba yetu wa ibada ya Kiswahili hapa Kansanga, Kampala, Mzee Obonyo, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, Mama Emérence, ambaye Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, nitaanza kumwita mama mkwe bila kuongeza neno "mtarajiwa", wanakwaya wenzangu, ndugu wageni waalikwa, hasa nyinyi wa soko la Kikuubo mliofunga maduka mapema kwa ajili yangu: Bwana asifiwe! Na tena, Bwana asifiwe!

Nashukuru kwa chakula, nashukuru kwa nyimbo, nashukuru kwa blanketi mlilonitunza. Nimeambiwa nitoe neno la shukrani, kisha nifanye kile kilichoandikwa kwenye ratiba: "Dada Nasike kukabidhi sare ya kwaya na gitaa." Ndiyo desturi yetu. Msichana wa kwaya akiolewa tunamuaga, anarudisha alichokuwa nacho, na Jumapili inayofuata anakaa na akina mama. Haya. Sare hii hapa. Nimeifua, nimeipiga pasi, hata kifungo kilichokatika nimekishona. Dolphine, njoo uichukue, ikukae vizuri kuliko ilivyonikaa mimi. Mpigieni makofi.

Gitaa silikabidhi.

Naona Mzee Obonyo amevua miwani. Ivae tu, mzee wangu, umenisikia vizuri. Silikabidhi leo, na wala msinitumie mtu kesho.

Ndugu zangu, mnajua gitaa hili lilitoka wapi? Halikuletwa na mfadhili. Nililinunua mimi, kwa jasho la kuuza misumari na mabati dukani hapa Kansanga, kwa kaka mmoja Mkongo anayeuza redio kuukuu kwenye uchochoro nyuma ya Kikuubo. Lilikuwa limelala chini ya feni mbovu. Rangi imebanduka, kitufe cha sauti hakipo, nyuzi zina kutu. Yule kaka akaniambia, "Dada, hii iko besi ya nguvu, ilipigaka Kinshasa." Kama lilipiga Kinshasa, sijui. Nilichojua ni kwamba lilikuwa rahisi kuliko viatu nilivyovaa, na kwamba nililitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka katika mji huu.

Nyuzi mpya sikuzimudu. Wapiga besi wanaijua dawa yake: unazivua, unazichemsha kwenye maji yenye sabuni kidogo, uchafu unatoka na sauti inarudi. Nikabandika sufuria. Mama mwenye nyumba, Mganda, akaja, akafunua kifuniko, akaruka nyuma. "Nnyabo, nyinyi bakenya munakula waya?" Yuko hapa leo, yule pale anacheka. Mwambieni nilizila, nikashiba, na mpaka leo sijaona njaa.

Mahali pa kitufe nikaweka kizibo cha soda. Pale waya unapoingia palikuwa pamelegea, nikapakaza kwa karatasi iliyokunjwa. Ndilo gitaa lenyewe. Kabla yake mlikuwa mnaimba vizuri, sikatai, lakini mlisimama kama watu wanaosubiri zamu benki. Siku besi ilipoingia, ni nani aliyetoka kiti cha nyuma akaja mbele kucheza? Si wewe, Mzee Obonyo? Koti ulimwachia nani? Na yale mabega, mzee wangu, ulikuwa umeyaficha wapi miaka yote?

Sasa wiki iliyopita nikaitwa mbele ya kamati. Nikaambiwa gitaa si langu tena, kwa sababu siku nilipolileta, Mchungaji alilipaka mafuta na kuliombea mbele ya kanisa, na kilichowekwa wakfu ni mali ya Bwana. Mimi nakubali ni mali ya Bwana. Lakini hebu tuulizane. Mama Akech aliponunua friza ya samaki, hatukwenda wote kuiombea? Ikapakwa mafuta mpaka mlango ukawa unateleza. Kamati ilikwenda lini kuichukua ile friza? Boda-boda ya Okot ililetwa hapo mlangoni, tukaiwekea mikono. Mbona Mzee Obonyo bado anarudi nyumbani kwa miguu? Na lile duka lako la simu kule Kabalagala, mzee wangu, tuliliombea siku ya ufunguzi, na besi nilipiga mimi. Nije na kufuli lini?

Msicheke. Nimekasirika.

Nimekasirika kwa sababu friza ya Mama Akech ilibaki ya Mama Akech, na boda-boda ya Okot ikabaki ya Okot, ila gitaa la Nasike, kwa kuwa Nasike anaolewa, limegeuka la kanisa. Semeni neno lenyewe. Semeni kwamba mke wa mtu hafai kusimama mbele za watu na gitaa tumboni. Mkisema hivyo tutajibizana mchana kweupe, na mimi majibu ninayo. Lakini msijifiche nyuma ya chupa ya mafuta.

Hapo ndipo ninapomsifu Mama Emérence, mama wa Pitshou wangu, maana yeye aliniuliza usoni. Alikuja kwangu, akaliona gitaa limetundikwa ukutani, akasema, "Mwana yangu, Pitshou anaoa bibi ao anaoa orkestre?" Nikamjibu, "Vyote viwili, Mama." Alikunywa chai yake mpaka tone la mwisho. Halafu akasema, "Basi ile makelele muipige muchana." Hilo ndilo sharti pekee nililopewa katika ndoa hii, na nitalitii. Pitshou naye aliitwa na wazee ili anishauri kwa upole. Aliwajibu maneno machache: "Mimi naoa Nasike. Sikutumwa kumupokonya kitu." Mnaniuliza kwa nini nampenda?

Bonny, wewe uliyetayarishwa kulipokea, sina ugomvi nawe. Ukitaka kujifunza, njoo nyumbani, nitakufundisha mpaka vidole viote sugu. Ila njoo na gitaa lako. Uchochoro ule unaujua, na magitaa bado yapo.

Wanakwaya wenzangu, nimewapenda na nitaendelea kuwapenda. Jumapili baada ya harusi nitakaa na akina mama, kama desturi inavyotaka, kwa furaha. Wimbo ukianza nitainuka nipige, kisha nitarudi kukaa nao. Anayeona haiwezekani aje anizuie mwenyewe, asitume kamati.

Tena kuna jambo kamati ililisahau. Jumamosi bibi harusi anaingia kwa wimbo, na wimbo ule hausimami bila besi. Mmejiuliza ni nani atakayeipiga? Kanisa zima lina mpiga besi mmoja. Msihangaike. Nimekwenda kwa Victoire, fundi anayenishonea gauni, nikamwomba bega la kushoto alishone mara mbili na kuliwekea kitambaa kigumu kwa ndani, kwa sababu mkanda wa gitaa utapita hapo. Na jana, mimi na Pitshou tuliupima waya wa gitaa. Kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, unafika.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Jumamosi msichelewe.