Santuri ya Eusebio na Betri Sita

— Zitie hizo betri, Mikidadi. Mama wa watu anakuja saa kumi. Akute nini hapa, ukimya?

— Bora ukimya.

— Fundi gani anakataa betri mpya?

— Mizani, nenda kapime korosho zako. Hapa ni kwangu.

Waliokuwa wakigombana ni Mikidadi, fundi redio wa hapa Nachingwea, na Modestus, karani wa ghala la ushirika, ambaye sote tunamwita Mizani kwa kuwa hata salamu huzipima kabla ya kuzitoa. Kijiwe chetu ni benchi moja refu kwenye baraza la duka la Mikidadi, lakini ilikuwa Machi, mwaka 1982, mvua ilikuwa imenyesha siku sita mfululizo, na benchi tulikuwa tumeliingiza ndani katikati ya redio mbovu. Kahawa pale nauza mimi, Justa, tangu nilipoacha shule darasa la sita. Siku hiyo kashata hazikuwepo, maana sukari haikuwepo. Juu ya meza palikuwa na gramafoni ndogo ya betri, santuri ya marehemu kaka yangu Eusebio, na betri sita ambazo Mwalimu Evodius alikuwa amezileta kutoka Dar es Salaam zimefungwa ndani ya soksi.

Mwalimu Evodius ni mtu wa Bukoba. Alikuwa na wiki moja tu tangu ahamishiwe kwetu, na alikuwa bado anakaa ukingoni mwa benchi kama mtu atakayeondoka sasa hivi.

— Jamani, sikujua zitaleta ugomvi, alisema. Niliposikia huku kuna santuri ya roki nzito, nilidhani nafanyiwa utani. Chuoni tuliisikiliza kwa zamu, watu arobaini na santuri moja.

— Nzito ndiyo yenyewe, alisema Meja. Huyo anayeimba humo si mtu wa kawaida.

Meja jina lake ni Yunusi. Hajawahi kuwa askari. Aliwapikia ugali wapigania uhuru wa Msumbiji walipokuwa na kambi hapa, na walipoondoka akajipa cheo mwenyewe.

— Wimbo mmoja unakula upande mzima, Mwalimu, alisema Mizani. Nimeupima kwa saa yangu. Dakika thelathini na moja.

— Thelathini na moja? Upande mmoja wa santuri hauwezi kufika huko, ndugu yangu.

— Saa yangu haidanganyi.

Mikidadi aliinama akaanza kukuna waya ambao ulikuwa umeshakunwa.

Mwalimu aliligeuzageuza jalada. Lina picha ya mji ulio chini ya maji, na samaki wanapita kwenye mnara wa saa. Alitusomea jina kwa Kiswahili: Mji Uliozama.

— Si niliwaambia, alisema Mizani. Waliimbia chini ya maji. Piga kelele ukiwa umezama Mto Mbwemkuru, uone kama sauti haitatoka hivyohivyo, polepole, inajivuta.

— Na wewe ulipopiga kelele umezama, nani alikusikiliza? aliuliza Meja. Wale walikuwa kwenye handaki. Zile ngoma ni mizinga. Mizinga naijua.

— Unajua sufuria.

— Sufuria nazijua, na mizinga naijua. Na magitaa yale yanayonguruma ni magari ya deraya. Mji haukuzama, ulipigwa. Halafu wakamwachia kinasa sauti mtu mmoja kule chini, siku tatu, baada ya kumfukia. Ndiyo maana anaimba kama mtu ambaye hana haraka tena. Huyo alikuwa ameshakufa kabla ya...

Akanitazama. Akaninyooshea kikombe ambacho bado kilikuwa na kahawa.

— Nisamehe, binti yangu.

— Hujakosea, Mzee Meja.

Mwalimu akauliza kulikoni. Wengine wakatazama mvua, kwa hiyo nikamweleza mimi. Eusebio alikuwa kibarua wa Mfini mmoja, Mzungu wa Finland, aliyechimba visima upande wa Chinongwe. Yule Mfini alipomaliza kazi mwaka 1977 alimpa hiyo santuri. Sisi nyumbani hatukuwa na cha kuipigia, akaileta kwa Mikidadi. Mwaka uliofuata akaenda vita vya Uganda. Aprili ya 1979 ikaja barua kwamba amefia ng'ambo ya Mto Kagera na amezikwa hukohuko. Mama hakulia. Alikunja barua, akaenda shambani Naipingo, akalima mpaka jioni.

— Kisha siku moja, mwaka juzi, alikuwa anapita hapa nje na kuni, nikasema. Santuri ilikuwa inalia. Mama akatua mzigo, akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, huyu anaongea kama Eusebio akiamka asubuhi. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi anakuja kumsikiliza. Haelewi neno hata moja. Akimaliza anashukuru, anakwenda kupika. Jumapili anaimba kanisani. Zamani alikuwa haimbi.

— Na leo?

— Leo betri zimekufa, alisema Mikidadi.

Hilo sote tulilijua. Madukani betri hakuna, na kwa walanguzi hazishikiki. Mikidadi ana sita kuukuu ambazo kila siku huzianika juu ya bati kama dagaa. Zikipata jua la wiki nzima huamka kidogo, zikaisukuma santuri upande mmoja, zikalala tena. Lakini jua hatukuwa tumeliona tangu Jumapili.

— Changanya, alisema Meja. Tatu mpya, tatu kuukuu.

— Nimejaribu asubuhi. Inakimbia, halafu inasimama katikati kama punda.

— Basi tia mpya zote, mama asikie mwanawe vizuri, alisema Mizani. Tatizo liko wapi?

Mwalimu alilitazama tena jalada. Nadhani alikuwa ameshaelewa kuhusu zile dakika thelathini na moja. Aliuliza taratibu, bila kumlenga mtu:

— Naomba niulize. Eusebio mwenyewe, alipokuwa hai, aliongea hivyo kweli? Sauti nzito namna hiyo?

Mizani akatazama saa yake. 

— Aliongea... alikuwa na sauti ya kiume, alisema Meja. Sauti nzuri tu.

— Nzito?

— Mimi nilimzoea akiwa mdogo.

Wakanigeukia mimi. Nilitaka kujibu. Nikamtafuta Eusebio akiniita, akinyoosha mkono nimpe maji, akinicheka nilipokosea hesabu, akiaga siku ile kwenye lori. Nikamwona mdomo ukifunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya santuri. Nikarudia, nikaanzia mbali zaidi, siku aliyonibeba mgongoni nikiwa na homa. Bado ilikuwa ya santuri.

— Sikumbuki, nikasema.



Mikidadi aliacha ule waya.

— Nitasema, kwa kuwa mmenifikisha hapa. Huyo mwimbaji hana sauti nzito. Santuri hii mimi na Eusebio tuliisikiliza wawili tu na betri mpya, zamani, vitu vilipokuwepo. Inakwenda mbio. Siku ile mama alipokaa chini, betri zilikuwa zinakata roho, ndiyo maana ikajivuta. Ningemwambiaje? Mwaka jana nilipata betri nzuri, nikamuuzia mtu wa Ruangwa. Wallahi nilizitoa dukani siku hiyohiyo. Nimekuwa nikizianika hizi mbovu ili ziwe mbovu vilevile.

— Umetufanya wajinga miaka miwili, alisema Mizani. Nimepima wimbo wa uongo.

— Nimemfanya mama mmoja aimbe kanisani.

 Mvua ilikuwa inapungua. Saa ya Mizani ilikuwa inaelekea saa tisa na nusu, na mimi nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kwamba kulikuwa na sauti ambayo Eusebio aliisikia kwa masikio yake, akaipenda hata akaibeba kutoka Chinongwe kwa miguu, na mimi sijawahi kuisikia.

— Zitie, Mjomba.

— Justa.

— Ni ya kaka yangu. Mama bado hajafika. Nataka kusikia alichokisikia yeye, halafu uzitoe.

Alinitazama sana, kisha akazitia moja moja, akaiweka sindano.

Sikuijua. Magitaa yaliingia kama mabati yanayoporomoka, kinanda kikapanda juu yake kikicheza, ngoma zikakimbizana nacho. Kisha akaimba. Alikuwa kijana mwembamba wa sauti, mwenye haraka, mtu aliye hai kabisa, labda mwenye miaka ishirini. Meja aliegemea ukuta.

— Kumbe ni mtoto, alisema.

Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mizani hakutazama saa. Mimi nilimwona Eusebio na Mikidadi, miaka ile, wamekaa kwenye benchi hilihili wakitikisa vichwa, na sikuweza kusema walikuwa wanaambiana nini. Sauti ya santuri ilikuwa imemtoka kaka yangu mdomoni. Nyingine haikuja kukaa pale.

Mikidadi ndiye aliyemwona kwanza. Mama alikuwa amewahi, kwa kuwa shamba lilikuwa limejaa maji. Alisimama mlangoni na jembe begani, kanga imeloa, akisikiliza. Mikidadi akanyoosha mkono kuinua sindano, Mama akamwashiria aache.

— Shikamoo, Mama, nikasema.

— Marahaba. Huyu nani?

— Ni yuleyule, Mama Eusebio, alisema Mikidadi. Ni betri. Mwalimu katuletea mpya.

Mama alisikiliza tena kidogo, kichwa amekiinamisha. Alimtazama Mwalimu, akamwambia asante, mwanangu, hawa wanaoimba ni vijana wazuri. Mimi hakunitazama. Alihamisha jembe bega la pili.

— Zinachukua muda gani kuchoka? aliuliza.

— Nikizitumia kila siku, wiki tatu, nne.

— Basi zitumieni, mwanangu. Mimi nitakuja zikishachoka.