Bi Modesta na Moto Usioonekana

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, masheikh wetu na Padri, ndugu wakulima wa korosho mliofunga safari kuja kwetu, wafanyakazi wenzangu, na wewe Bi Modesta Chilumba, uliyekataa meza kuu mpaka tukakushika mkono: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa imani yake.

Mimi Abdulmalik, meneja wa ghala hili, nimesimama kumuaga mfagiaji anayestaafu. Ndiyo, mfagiaji.

Nani hapa Mtwara asiyeijua salfa, unga wa manjano tunaopulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga? Lakini ni wangapi tunaokumbuka kwamba unga huohuo ukipata cheche huwaka, na ukitimka hewani huweza kulipuka? Bi Modesta hakusahau hata siku moja kwa miaka kumi na tisa. Alifagia kwa maranda yaliyoloweshwa ili vumbi lisipae. Koleo la chuma alilikataa, akatumia la plastiki. Aliwahi kumrudisha getini mkubwa mmoja mwenye sigara, akamwomba radhi huku akimrudisha.

Aliniomba mchanga uwekwe mlangoni. Nikamjibu kwamba tuna mpira wa maji, hapa si mahali pa ujenzi. Hakubishana. Kila asubuhi akaja na ndoo ya mchanga kichwani kutoka kwake Magomeni ya hapahapa Mtwara, mpaka pipa la mlangoni likajaa. Mimi nilicheka, ndugu zangu. Ninalisema mbele yenu.

Juni ya mwaka juzi, saa sita mchana, tukishusha mzigo kutoka bandarini, mfuko ulichanika na unga ukamwagikia bomba la moshi la foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo. Ukashika moto, lakini hatukuona kitu. Moto wa salfa ni wa buluu hafifu, na jua lilikuwa kali. Bi Modesta aliunusa kabla yetu, akatuambia tutoke, tusimame upande upepo unakotokea.

Asadi, dereva wa foklifti, alikwisharuka chini na kushika mpira wa maji. Mama huyu akasimama mbele yake.

"Usipige maji kwa nguvu, mwanangu," akamwambia. "Utalitimua vumbi, na vumbi ndilo litakalotuua."

Asadi akauweka mpira chini. Bi Modesta akavaa barakoa yake ya kuzuia gesi, akachota mchanga kwa koleo lake na kuumwaga taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala. Koleo baada ya koleo. Ndani mlikuwa na tani mia nane za salfa. Nyuma ya ukuta, nyumba za watu wa mtaa wa Chuno, masufuria yakiwa jikoni. Nami, meneja, nilisimama nje, nikimtazama mwanamke mmoja akiuzima moto ambao hata kuuona nilikuwa siuoni.

Ulizimika. Hakuna aliyeumia.

Nimewahi kusoma vyeti vingi vya usalama, na vingine nimevisaini mwenyewe. Sijaona elimu kama ile.

Jioni ile nilimfuata, nikamwomba msamaha, kisha nikamuuliza kama hakuogopa.

"Niliogopa sana, meneja," akasema. "Ndiyo maana nilikwenda polepole."

Bi Modesta, kwa niaba ya ghala hili, na ya waliokula chakula chao cha mchana siku ile bila kujua lolote, pokea shukrani zetu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.