Kiti cha Nyuma ya TV

Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, nje ya duka la kinyozi. Wa upande huu akiinuka ghafla, wa upande ule anakaa chini. Hapo Mama Kahawa huweka jiko lake, na habari za watu huiva kabla ya kahawa. Jioni ile kinyozi, wanayemwita Wembe, alikuwa amenuna. Kikosi cha Radi kilikuwa kinarudi kwenye TV na msimu mpya: wale mashujaa watano wa nguo za rangi tano, wanaopigana na lile jitu tangu Wembe hajaota ndevu. Naye ameapa hatazami.

— Wameharibu, alisema. Kila msimu sura mpya. Hujamzoea mtu, keshaondoka.

— Mtoto umleavyo ndivyo avaavyo, alisema Sindano, fundi cherehani. Tatizo ni zile nguo. Zinabana mno. Nani atazivaa misimu miwili abaki mzima?

— Wapi, alisema Waziri, dereva mstaafu asiyepitwa na siri yoyote ya serikali. Wale wanaoa na kuolewa. Ukishaingia kwenye ndoa, jitu utapigana nalo saa ngapi?

— Na wewe mbona umeoa zamani na nguvu za umbea hazijakuishia? aliuliza Mama Kahawa.

Wembe hakucheka. Lile neno kuolewa lilimkaa vibaya.

— Mbona jitu halibadilishwi? aliuliza Sindano. Ni lilelile, linapakwa rangi tu.

— Usipoziba ufa, mgeni njoo, alisema Waziri. Jitu ndilo lenye kampuni. Linawaajiri vijana waje walipige.

— Mtu alipe ili apigwe?

— Kwani wanaogombea uongozi wanafanya nini?

— Juzi nimeliangalia kwenye simu, peke yangu, alisema Wembe. Lina zipu mgongoni. Zipu, jamani. Zamani lilikuwa linatisha.

Hakuwaambia kwa nini lilitisha. Mimi nakwambia, ila yaishie hapahapa. TV ya kwao ilikuwa haishiki mpaka mtu akae nyuma yake ameshikilia waya wa antena, na mtu huyo alikuwa Wembe, kaka mtu. Dada yake mdogo alikaa mbele akimsimulia: "Kaka, limeinuka. Kaka, linatema moto, usiachie waya." Mashujaa wake wote walipitia kwenye mapengo ya yule mtoto. Hata TV nzuri ilipokuja, waliendelea kutazama pamoja, msimu kwa msimu. Sasa dada kaolewa, yuko mtaa wa pili, na kaka anaona haya kwenda kujibanza kwenye sebule ya watu.

— Kwa hiyo leo unafanyaje? aliuliza Mama Kahawa.

— Nalala mapema.

Ndipo akatokea bwana wa yule dada, kandambili miguuni, jasho linamtoka.

— Shikamooni. Shemeji, nisaidie. Dada yako tangu mchana anahamisha viti. Kimoja kakiweka nyuma ya TV kabisa, huko huoni kitu. Nikitaka kukitoa, anasema kina mwenyewe. Nikimuuliza nani, anacheka. Ni cha nani?



— Cha jini, alisema Waziri, lakini kwa sauti ndogo.

— Labda kuna nguo inakauka, alisema Sindano, na mwenyewe hakujiamini.

Mama Kahawa aliinamisha birika. Likatoka tone moja.

— Imekwisha, alisema. Mwenye jibu ajibu.

Wembe akainuka, na ubao ukamwangusha Waziri. Hakugeuka. Alikuwa anavuta mlango wa duka, taulo la mteja bado begani.

— Shemeji, TV yenu ina waya?

— Waya gani tena siku hizi?

— Haidhuru. Tembea, wataanza bila sisi.

Wakaondoka, kinyozi mbele, mwenye nyumba nyuma.

— Sasa yule anakimbilia wapi, aliuliza Waziri kutoka chini, na kiti hatujajua cha nani?