Shukrani za Wapangaji wa Pafu la Kulia

Mgeni rasmi, Daktari Mkuu wa wodi ya kifua. Muuguzi wa zamu. Majirani zetu wa pafu la kushoto: salamu.

Aliyesoma ni fundi cherehani wa kitanda cha nne, shuka begani, karatasi mkononi. Alizaliwa na ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kama gundi. Leo daktari alikuja kuamua: dawa ileile kwa mara ya sita, au nyingine. Fundi alishaeleza kwa maneno ya kawaida kwamba dawa hiyo haimsaidii tena, akaishia kuambiwa "tutaona". Basi aliamua bakteria wake waseme wenyewe.

KARIBU

Sisi bakteria wa pafu la kulia tuna furaha isiyo kifani kukupokea. Tungekupa kiti, ila humu kila mahali panateleza.

HISTORIA YETU

Tulihamia miaka kumi na moja iliyopita, vijana wakorofi wenye mikia ya kuogelea na sumu ya kumwaga. Tukakuta ute mzito, chakula tele, na hakuna wa kutufagia. Tukatua mizigo.

MAFANIKIO

Mikia tumeitupa, ya nini, na hatuendi popote? Sumu tumepunguza, kugombana na mwenye nyumba kila siku kunachosha. Tumejifunika blanketi la ute, dawa ikibisha hodi tunajifanya hatupo. Tukizaana tunakosea kunakili, na katika kukosea huko wengine wamezaliwa na pampu ya kuitema dawa nje. Mgeni rasmi, umetuletea dawa hiyohiyo mara tano. Watoto wetu wanaiita mjomba.

Muuguzi aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Daktari hakucheka. "Endelea, dada," alisema.

CHANGAMOTO

Mwenye nyumba anakohoa mno, hatulali. Zamani alipanda ngazi za karakana yake akiimba. Siku hizi anapumzika mara tatu njiani, na gauni la harusi la mdogo wake liko mezani, halina mikono.

Hapo alikohoa kweli, akashika chuma cha kitanda.

"Nikusomee?" muuguzi akauliza.

"Niache. Wamenituma mimi."

MAOMBI

Kwanza, dawa iwe ileile. Pili, tunajua maabara hukuza wengi wetu lakini humpima mmoja tu. Tunaomba utaratibu huo udumu. Mnamchukua yule bwege wetu anayekufa kwa dawa yoyote, mnaandika "dawa inafaa", na sisi ndugu zake, kila mmoja na tabia yake, tunabaki huku tukipiga makofi. Tafadhali msipime wengi. Wala msichanganye dawa mbili, mtatubomolea nyumba.

Tunakutakia afya njema na maisha marefu, marefu kuliko ya mwenye nyumba wetu.

Ni sisi wapangaji wako watiifu,
Umoja wa Bakteria, Pafu la Kulia.

Daktari aliitazama fomu ya maabara aliyokuwa ameshaijaza. Akafuta neno "mmoja", akaandika "kumi". Kisha, kwenye cheti cha dawa, akakata jina la ile ya mara tano.

"Waambie wapangaji wako," alisema, "maombi yao yamekataliwa."

"Yote?"

"Yote. Na mimi niliwalea kwa mkono wangu. Nisamehe, dada."

Fundi alicheka mpaka kikohozi kikampanda, machozi yakimtoka. Muuguzi alikimbia na kikopo cha makohozi, akamshika mgongo.

"Kohoa, mpenzi, kohoa! Tunataka wajumbe wote."